Bati Lipi

Chula, 9 Januari 2024

Mwanangu Wafaa,

Salamu ya Mwenyezi Mungu ikufikie kwanza, kisha yangu, kisha ya mke wangu, mama yako mdogo Kulthumu, ambaye amesimama nyuma yangu kuhakikisha kuwa nimemwandika. Sisi hatujambo kwa kiasi cha wazee. Kulthumu goti linamuuma akiinuka kwenye sala. Mimi masikio yamekwisha. Miaka arubaini ya kupiga nyundo ya kalafati, nikisukuma pamba katikati ya mbao, ndiyo imeyamaliza. Watu huniambia, mpigie mtoto simu. Simu kwangu ni kipande cha plastiki. Kulthumu akinisemea karibu, nikamtazama na midomo, napata. Mwengine yeyote sipati. Kwa hivyo nimerudi kwenye kalamu. Barua hii inakuja kwa mkono wa Kaltuma, yule anayefuata nguo Mombasa na kuziuza Kismayu. Jibu mpe yeye.

Mama yako Sabah sukari yake imeshuka? Mwambie shemeji yake amesema aache chai ya maziwa, naye atasema shemeji yake hana adabu. Mdogo wako Layla namwombea katika masomo.

Sasa neno lenyewe. Habari ya mashua ya Yusuf utakuwa umeisikia nusu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, wakirudi kutoka Chovai, na bahari imetulia kama maji ya ndoo. Mashua ikafunguka chini, kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wake, mbao mbili kwa mpigo. Yusuf na mwenzake waliogelea wakaokotwa. Ndugu yake Faisal tulimpata siku ya tatu. Mama yao ni Bi Mishi. Ningekuambia unamkumbuka, lakini wewe ulitoka kisiwa hiki ukiwa mgongoni mwa mama yako, mwaka wa vita, mkikimbilia Mombasa.

Mashua ile niliiunda mimi, inatimia miaka mitatu sasa. Na hakuna aliyeniambia neno. Hilo ndilo linalonichosha. Wananisalimu, wananiuliza goti la Kulthumu, kisha mbao zao wanazipeleka kwa fundi mwengine. Bi Mishi hapiti tena mbele ya nyumba yangu, anazungukia nyuma ya msikiti. Nami nakaa napekua kichwani. Mbao nilichagua mwenyewe. Kalafati nilitia mwenyewe. Misumari nilinunua Kismayu, ya chuma, imechovywa bati, na kwa kasha lile lile nimeunda vyombo vyengine saba ambavyo viko baharini hadi leo. Walipouvuta ufukweni ubavu uliobaki, nilikuta misumari ya mkuku imebaki nyuzi.

Wewe unafanya kazi kwenye nyumba ya vitabu. Nitazamie: chuma kilichochovywa bati kikikaa kwenye maji ya chumvi, vitu viwili hivyo vinapatana au vinagombana? Usiniandikie la kunipoza. Nataka kujua kama nimemuua Faisal.

Ni mimi Ami yako,
Shuaibu


Mombasa, 12 Februari 2024

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo, na Mama Kulthumu shikamoo yake. Barua yako ilinifikia ikinuka marashi ya Kaltuma, maana aliitia kati ya mitandio. Mama amekasirika kama ulivyotabiri, na chai ya maziwa anaendelea nayo. Miguu yake imevimba, kila Jumatano tuko foleni hospitali tangu asubuhi. Layla yuko gredi ya nane na anajua kila kitu, muulize mwenyewe. Mimi nachoka tu. Siku nzima narudisha vitabu rafuni kwenye maktaba ya chuo, nikifika nyumbani narudisha vyombo kabatini, nikilala naona rafu.

Faisal Mungu amrehemu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Nikueleze nilivyotafuta, ili ujue sikubahatisha. Hapa chuoni kuna chumba cha vitabu vya marejeo. Vitabu vyake vina kibandiko chekundu mgongoni na havitoki nje ya mlango, hata mkuu wa chuo akiomba. Unakaa nacho mezani, unanakili, unakirudisha. Vingine havina sentensi hata moja ya kusoma, ni majedwali tu. Uzito wa kila madini, joto la kuyeyukia, kasi ya sauti ndani ya maji, chumvi ngapi huyeyuka kwenye lita ya maji ya moto. Watu waliyapima haya mmoja mmoja, maisha yao yote, ili mtu mwengine asipime tena. Ukikaa nacho unaona haya kulalamikia kazi yako.

Siku sita za mapumziko ya adhuhuri nilikuwa humo badala ya kula. Siku ya sita nikaliona jedwali lako. Ni orodha ya madini yaliyotumbukizwa kwenye maji ya bahari, kila moja na namba yake. Juu yamepangwa magumu yasiyoliwa, chini mepesi ya kuliwa. Madini mawili yakigusana ndani ya maji ya chumvi, la chini hujitoa likaliwa, la juu likasalimika. Basi nikatafuta chuma, nikatafuta bati. Neno la Kiingereza la bati nilipata kwenye kamusi.

Bati liko juu ya chuma, Ami. Maana yake ni kwamba bati likiwa zima linafunika, lakini likichubuka kidogo tu, chuma cha ndani kinaliwa haraka kuliko kingekuwa peke yake. Na msumari unapigwa nyundo, lazima uchubuke. Umesema nisikupoze, nami sijui njia nyengine ya kuliandika. Sikuacha kuomba wakati nanakili.

Tuyaache haya kidogo. Zile bamba za shaba nilizokupa ulipokuja arusini mwaka juzi, za paa la jumba lililobomolewa, zilikufaa kwa kitu? Nilijiona mjanja siku ile, kumwomba mkandarasi zawadi ya fundi.

Mwanao,
Wafaa


Chula, 21 Machi 2024

Mwanangu Wafaa,

Ramadhani yenu iwe njema. Mama yako asifunge, na hilo nalisema kwa ukali. Kulthumu anakusalimu, goti lilelile.

Barua yako niliisoma mara moja tu, ikanitosha. Alasiri ya siku ileile nilikwenda kwa Bi Mishi. Kulthumu alikuja nami awe masikio yangu. Nikamwambia: nimeuliza kwa wenye vitabu, misumari yangu ndiyo iliyofungua mashua, na misumari nilichagua mimi. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea mpaka sinia ikaisha, kisha akasema kwa Kibajuni chake, Kulthumu akanirudia: "Mchu akishasema kosa ni langu, mchu mwengine ana la kuongeza? Nenda kwako, Shuaibu." Nikaenda.

Kesho yake nilikwenda kwa wenye vile vyombo saba, mlango kwa mlango, nikawaambia wavipandishe pwani, misumari yake ni ileile. Sasa viko juu, vimelala ubavu, na watu wanafuturu kwa maharage kwenye kisiwa kilichozungukwa na samaki. Wananiangalia nikipita. Mzamil, mume wa Wardah, yule anayechukua abiria baina ya hapa na Kismayu, aliniambia jambo ambalo Kulthumu alikataa kunirudia. Nikasoma midomo. Sikumlaumu.

Tezo yangu ya kuchongea na keke ya kutobolea nimempa fundi mwengine. Nilidhani mkono utaniuma kuachia, haukuuma. Nimechoka, Wafaa, na si uchovu wa saumu. Kwa miaka yote hii mtu akinunua chombo kwangu alikuwa ananunua usingizi wa mkewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijivunia, kimoyomoyo.

Nimekufungia misumari miwili katika kitambaa. Mmoja mpya, wa kasha lile. Wa pili ni wa mkuku wa Yusuf. Waonyeshe hao wenye majedwali, wajue namba zao ni za kweli.

Ami yako,
Shuaibu


Mombasa, 2 Mei 2024

Ami yangu,

Shikamoo. Leo nitafupisha salamu, unisamehe. Mama yupo, Layla yupo, mvua imetujalia maji hadi kwenye godoro. Mama Kulthumu nambusu mkono.

Kaa chini kwanza.

Nilimpelekea misumari yako Bi Tasnim, msimamizi wa chumba cha marejeo. Ni mama mmoja mkavu, miwani yake inaning'inia kwa uzi, na hacheki ila akiona kitabu kimerudishwa mahali pake. Aliugeuza ule mpya kwenye mwanga akaniuliza, "Nani amekwambia hili ni bati?" Nikamwambia, Ami yangu, fundi wa miaka arubaini. Akasema, "Ami yako amesema kweli kwa lugha yake. Wewe umemsikia kwa lugha ya kamusi."

Ami, bati ni mawili. Liko lile la makopo ya maziwa, ndilo kamusi iliyonipa, na ndilo nililolitazama kwenye jedwali. Na liko hili la mabati ya paa, lenye maua maua ya kijivu, ambalo vitabu huliita zinki. Sisi yote mawili tunayaita bati, na tangu tuzaliwe hakuna aliyedhurika kwa hilo mpaka nilipokuja mimi na kamusi yangu. Misumari yako ilichovywa zinki. Na zinki kwenye orodha ile iko chini kabisa, chini ya chuma. Yaani hata ikichubuka, ndiyo inayoliwa yenyewe na kukiacha chuma kizima. Hakuna cha kuuvalisha msumari wa chuma kilicho bora kuliko hicho. Ulichagua sawa.

Bi Tasnim hakupandisha sauti. Alinifundisha tena kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza: usichukue namba kabla ya kuwa na hakika ya kitu chenyewe, ukiweza kishike mkononi, soma maelezo madogo chini ya jedwali, andika jina la kitabu na mwaka wake, kisha tafuta kitabu cha pili kikuambie hivyo hivyo. Sikufanya hata moja. Nilikuwa na njaa na nilitaka kumaliza. Nimekaa kwenye meza ile nikalia hadi wanafunzi wakahama.

Nimekupeleka mlangoni kwa Bi Mishi ukiri kosa lisilo lako. Nimevipandisha pwani vyombo saba kwenye mwezi mtukufu. Sijui unamuombaje mtu msamaha wa kitu kama hicho. Nakuomba hivyo hivyo.

Waambie wenyewe washushe vyombo vyao.

Lakini liko moja lililobaki, na Bi Tasnim ndiye aliyeliona. Msumari wa pili, wa Yusuf, umebaki uzi. Anasema zinki ile na chuma kile, peke yao majini, haviwezi kufika hapo kwa miaka mitatu. Lazima kilikuwapo kitu cha juu zaidi kimeugusa. Na chini ya kichwa cha msumari kuna doa la kijani.

Ami, nilikuuliza habari ya shaba na hukunijibu. Iko wapi?

Wafaa


Chula, 20 Juni 2024

Mwanangu Wafaa,

Idi mubarak kwako, kwa mama yako na kwa Layla. Tulichinja mbuzi mmoja baina ya nyumba tatu, tukatosheka. Goti la Kulthumu limepata nafuu kwa mafuta ya Kaltuma, au kwa kuchoka kulalamika.

Usilie juu ya vitabu vya watu. Umekosa, umejua, umerudi kusema. Wapo wazee hapa hawajafanya hivyo tangu wabaleghe. Niliposema kuwa misumari ni mizima, watu walicheka mara ya kwanza baada ya miezi, ingawa walikuwa wananicheka mimi. Vyombo vyote vimeshuka. Fundi niliyempa tezo yangu aliirudisha akaiegemeza ukutani, hakubisha hodi.

Shaba iko stoo, nimeifunika gunia. Kijani ulichokiona ni mwani. Kila kitu kinachokaa baharini hushika kijani, na hilo halihitaji kitabu.

Sasa nikuombe, maana kuamrisha siwezi kwa huku mbali. Kifunge kitabu hicho. Bi Mishi ameshazoea kuwa ni mimi. Nilipokwenda kumwambia kuwa vitabu vimebadilisha maneno, alinyanyua mkono tu, nikageuka nikarudi kwangu. Tusimpe jina jengine aanze kulizoea upya. Mimi mzee, hili naliweza. Jitunze, mtunze mama yako, ule adhuhuri.

Ami yako,
Shuaibu


Mombasa, 3 Julai 2024

Ami,

Shikamoo. Picha ya barua hii nimemtumia kwa simu Kaltuma, aliyeko Kismayu, aichapishe huko na kuileta Chula yeye mwenyewe. Nimempigia Mama Kulthumu siku mbili mfululizo na simu haishiki. Sina raha ya kusubiri.

Mwani hauna shaba ndani yake. Mwalimu wa kemia hapa chuoni alikwangua lile doa la kijani, akalidondoshea dawa, ikageuka buluu iliyokoza. Nikakitafuta kitabu cha kwanza, nikakitafuta cha pili, vyote viwili vinasema hiyo ni alama ya shaba. Safari hii nilisoma na maandishi madogo.

Basi na mimi nitakwambia ulichokataa kuniambia. Mdudu anayetoboa mbao alikuwa anakula mkuku wa Yusuf. Ukakumbuka zawadi ya mwanao, ukaivisha mashua bamba za shaba, mdudu asipite. Ukazipigilia kwa misumari yako mizuri ya zinki. Ningekuwa fundi ningefanya vilevile. Lakini shaba iko juu sana kwenye ile orodha, na maandishi madogo yanasema: kadiri shaba inavyokuwa pana na chuma kinavyokuwa kidogo, ndivyo chuma kinavyoliwa upesi. Bamba zima la shaba na vichwa vidogo vya misumari. Kwanza ilikula zinki yote, kisha ikaingia kwenye chuma. Wale wa zamani waliovisha meli shaba walijua, wakapiga na misumari ya shaba. Mimi nilikupa bamba bila misumari wala neno. Nilikuwa najiona mjanja.

Zawadi niliyoitoa kwa mapenzi imeua mtoto wa watu, nawe umekaa juu ya jambo hilo tangu barua yangu ya Mei ili mimi nisijue. Ami, nakupenda na nimekasirika. Umenifanya mtoto.

Wala si hilo lililonikosesha usingizi. Bamba zilikuwa nane. Nilizihesabu nikizifunga kamba. Mkuku wa Yusuf haungechukua zote. Zilizobaki haziko stoo. Ziko chini ya chombo cha nani?

Karatasi ya pili ni jedwali lenyewe, nimelinakili kwa maneno yetu. Nimeandika zinki ni lile bati la paa, shaba ni shaba, na chini nimetia jina la kitabu na mwaka wake kama nilivyofundishwa. Lisome mbele ya Bi Mishi na jina langu ulitaje. Usipolisoma, nitakuja kulisoma mwenyewe, na unajua mama hawezi kubaki peke yake.

Wafaa


Chula, 28 Julai 2024

Mwanangu Wafaa,

Kulthumu anakusalimu. Wengine sijui wanasemaje leo.

Karatasi zako zilifika siku ya nne. Bamba tatu zilikuwa kwa Yusuf. Mbili kwa jirani yetu Husseini. Tatu kwa Mzamil. Za Husseini nilizibandua mwezi wa tano, baada ya barua yako ya doa la kijani, nikamwambia natia kalafati upya. Hakuuliza. Mzamil alikuwa Kismayu na abiria wake. Nilimpelekea neno mara tatu, leta chombo nikitie kalafati. Hakuja. Alikuwa bado ananikasirikia kwa ile Ramadhani, na kalafati yake ilikuwa nzima, aje kwa nini. Kama ningempelekea neno lenyewe, shaba, angekuja siku ileile. Lakini neno lenyewe lilikuwa na jina lako ndani yake.

Nataka uelewe nilichofanya, usinipambe. Nililiweka jina lako upande mmoja, na Mzamil na wote wanaopanda chombo chake upande wa pili, na kwa miezi miwili jina lako likawa zito. Nilikuwa nakula na kuswali. Ukiniuliza nilikuwa nafikiri nini, nilikuwa nafikiri kuwa nimechoka.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Bi Mishi. Yusuf alikuwapo. Kulthumu akasoma karatasi yako, na akakutaja kama ulivyotaka: Wafaa binti Fuadi, aliyeondoka hapa mgongoni. Alipofika kwenye bamba za Mzamil, Yusuf alikuwa ameshasimama. Hakungoja mwisho. Alichukua boti ya injini akaenda Kismayu, na kesho yake alasiri akarudi akiiburuta mashua ya Mzamil kwa kamba, haina mtu ndani. Mzamil amekaa kwenye boti ya Yusuf, uso umempauka. Siku hiyo alikuwa anapakia watu kumi na mmoja, na mkewe Wardah miongoni mwao.

Tuliilaza pwani. Nilibandua bamba la kwanza, nikashika msumari wa mkuku kwa vidole, sikuhitaji koleo. Ukatoka kama jino la mtoto. Na wa pili yake, na wa tatu. Mzamil alikuwa anaitazama mikono yangu. Kisha alikwenda akakaa mbali, akajifunika kichwa kwa kitambaa. Wardah alikuja akanipa maji, akanishikia kikombe nikanywa.

Bi Mishi alishuka pwani baadaye, na karatasi yako mkononi. Alimwomba Kulthumu amsomee tena, pale, mbele ya misumari. Akasikiliza hadi chini, hadi jina la kitabu. Akauliza, hiyo namba ya mwisho ni nini. Kulthumu akamwambia ni mwaka kilipochapishwa kitabu, elfu moja mia tisa sabini na sita.

Akakaa akihesabu kwa vidole. Kisha akageuka kwangu, si kwa Kulthumu, akalisema polepole ili nisome midomo yake.

"Faisal nilimzaa themanini na tisa," akasema. "Basi wachu walikuwa washajua, nami sijamzaa?"

Nikamwambia ndiyo. Nawe usinitafutie jengine la kumwambia.

Ami yako,
Shuaibu